Kupeleka jeni kwenye ini lililochoka

Miezi miwili iliyopita, kama saa tatu usiku, simu yangu iliita. Namba ngeni. Aliyepiga alikuwa binti wa mzee mmoja wa Newala ambaye asubuhi ya siku hiyo nilimpima hapa Mtwara. Nilipompitishia utrasaundi tumboni niliona kile nilichokihofia tangu alipoingia mlangoni ameshikwa mkono: uvimbe mkubwa upande wa kulia wa ini, maji tumboni, na ini lenyewe limesinyaa na kujaa makovu. Kipimo cha homa ya ini B kilirudi chanya. (Mambo machache nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Ugonjwa sijaubadilisha.)

"Shikamoo dokta. Samahani kwa kukusumbua usiku."

"Marahaba mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Amelala. Dokta, kuna kitu nimetumiwa kwenye WhatsApp. Wanasema wazungu wamepata sindano ya jeni, inaua saratani ya ini bila kupasua, na wala haitumii virusi. Tumekaa kikao na wajomba. Tuko tayari kuuza shamba la mikorosho."

Nilimwambia wasiuze hata mti mmoja. Sindano hiyo haijaidhinishwa popote kwa saratani ya ini, iwe Dar es Salaam, India au Marekani. Iko maabara, na dawa chache zinazofanana nayo ziko kwenye majaribio. Atakayewaambia anayo ya kuuza anawaibia. Lakini nilimwambia pia kwamba habari aliyotumiwa haikuwa uongo mtupu. Nyuma yake kuna kazi halisi, na ni miongoni mwa kazi chache za utafiti wa saratani ambazo nikizisoma naona aliyezifanya alimuwaza mgonjwa wa aina ya baba yake. Simu ya usiku haikutosha kueleza, kwa hiyo naeleza hapa, kwa ajili yake na kwa wengine wanaoniuliza swali hilo hilo.

Mgonjwa mmoja, maradhi mawili

Saratani ya ini tunayoiona sana huku huanzia kwenye seli za ini zenyewe, zile zinazochuja sumu, zinazotengeneza protini za damu na kutunza sukari. Ni tofauti na saratani iliyoanzia kwingine, tuseme kwenye utumbo, kisha ikasambaa hadi kwenye ini. Na mara nyingi haioti kwenye ini lenye afya. Huota kwenye ini lililounguzwa polepole kwa miaka ishirini au thelathini na kirusi cha homa ya ini B, na sumukuvu, na pombe kali. Kila seli zinapokufa, ini huziba pengo kwa kovu. Miaka ikienda, ini zima linakuwa gumu, lina vinundu vinundu kama ganda la topetope. Katika moja ya vinundu hivyo ndipo saratani inapoanzia.

Kwa hiyo mtu huyu ana maradhi mawili, saratani na ini lililochoka, na la pili ndilo linalotufunga mikono. Titi lenye saratani linaweza kuondolewa na mama akaendelea kuishi. Ini huwezi kuliondoa lote ila uwe na jingine la kupandikiza, na ukikata kipande, kinachobaki lazima kiwe na nguvu ya kubeba mwili mzima. Kwa mzee wa Newala, kilichobaki kilikuwa kovu. Dawa kali nazo nyingi huvunjwa na ini hilo hilo. Unaweza kuushinda uvimbe, mgonjwa akafa kwa sababu ini limeshindwa kazi. Makadirio ya dunia ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya wa saratani ya ini wapatao 905,000 na vifo vipatavyo 830,000. Ukiona namba ya wanaougua na ya wanaokufa zinakaribiana namna hiyo, ujue tiba zilizopo hazijafika mbali. Sorafenibu, kidonge cha kwanza kuthibitika kinarefusha maisha ya wagonjwa ambao hawawezi tena kupasuliwa, kiliidhinishwa mwaka 2007. Kilisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 7.9 hadi miezi 10.7, na walioingizwa kwenye jaribio lile karibu wote walikuwa na ini ambalo bado linafanya kazi vizuri. Baba wa Newala asingekubaliwa hata kujiandikisha.

Hapa nitakawia kidogo, maana jambo hili linatugusa sisi watu wa Kusini kuliko wengi. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Dunia iliitambua baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Sisi karanga tunazijua. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulikufa, karanga tukabaki nazo, kwenye mboga za majani, kwenye uji wa watoto, kwenye kikombe cha kupimia pale stendi.

Sumukuvu ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuivunja, na katika kuivunja linazalisha kitu kikali zaidi ambacho hung'ang'ania DNA, yaani yale maandishi ya maelekezo yaliyo ndani ya seli. Sehemu moja ya maandishi hayo yenye maelekezo ya kazi fulani ndiyo huitwa jeni. Kuna jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza uvimbe wa ini kutoka China na jingine kutoka kusini mwa Afrika, yalikuta jeni hiyo imeharibika mahali pale pale: kwenye neno la 249 la maandishi yake, herufi moja ya G imegeuka T. Mahali pamoja, kwa watu ambao hawajawahi kuonana, walioishi mabara mawili tofauti! Mwaka huo huo wengine walipopima uvimbe kutoka nchi nyingi, sampuli za Msumbiji zilikuwa juu sana, zaidi ya nusu zikiwa na alama hiyo. Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma tu. Tunakula vyakula vile vile, tunavihifadhi kwenye maghala ya aina ile ile, na tuna ndugu pande zote mbili za mto. Mtu mwenye homa ya ini B akila sumukuvu, hatari ya moja huzidishwa na ya pili, haijumlishwi tu.

Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu yanajibu swali la kwa nini mtu afikirie kutibu saratani hii kwa jeni. Ni ugonjwa ulioanza na maandishi ya DNA kuharibiwa. Wazo la kwenda pale pale kwenye maandishi linakuja lenyewe.

Kwa nini bila virusi

Tiba ya jeni ni kuingiza ndani ya seli kipande cha DNA au cha RNA (ndugu wa DNA anayebeba nakala ya maelekezo yake) chenye maelekezo mapya, ili seli yenyewe itengeneze dawa au iache kutengeneza kitu kibaya. Ugumu uko kwenye kuingiza. DNA ni uzi mrefu, una chaji hasi kila hatua, na ngozi ya seli nayo ina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Ukiimwaga DNA tupu kwenye damu, vimeng'enya vya damu huitafuna ndani ya dakika chache. Ndiyo maana watafiti wa kwanza waliwatazama virusi. Kirusi ni fundi wa kuingiza jeni zake kwenye seli za watu, hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa. Unamtoa sehemu zinazoleta ugonjwa, unampakia jeni unayotaka, unamwachia afanye anachokijua.

Njia hiyo imefanikiwa kwa baadhi ya magonjwa ya kurithi, na sitaki kuibeza. Lakini ini ndipo mahali ilipotoa funzo chungu kuliko kote. Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa kurithi wa ini, alifariki Marekani siku nne baada ya kuingizwa adenovirusi iliyobeba jeni kupitia ateri ya ini. Kinga yake ya mwili ilimshambulia kirusi kwa nguvu hadi viungo vikashindwa kufanya kazi. Huyo alikuwa na ini lisilo na makovu. Aina nyingine ya kirusi, kile kidogo kiitwacho AAV kinachotumika sana siku hizi, ni mpole zaidi, ila watu wengi tumeshakutana nacho katika maisha na tuna kingamwili dhidi yake. Na ukishampa mtu dozi moja, ya pili ni vigumu, kwa kuwa mwili umeshamjua mgeni. Saratani haiishi kwa dozi moja. Tena mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichunguza uvimbe wa ini 193, wakakuta 11 zina vipande vya AAV vya asili vilivyojichomeka kwenye DNA ya mgonjwa, baadhi karibu na jeni za saratani. Kirusi kile cha asili si sawa na kile kinachotengenezwa maabara kuwa dawa. Hata hivyo, nikiwa na mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na kirusi mmoja, ningefikiri mara mbili kabla ya kumwongezea mwingine.

Njia ya bila virusi ilianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake, Marekani, walidunga DNA tupu kwenye msuli wa panya na msuli ukaanza kutengeneza protini ya jeni ile. Kiasi kidogo tu, lakini kilionyesha kwamba kirusi si lazima. Kilichofuata ni miaka mingi ya kutafuta vifungashio. Kifungashio kilichofaulu zaidi hadi sasa ni chembe ya mafuta, ndogo kiasi kwamba mamia yake yakipangwa mstari hayafikii upana wa unywele mmoja. Mwaka 2018 iliidhinishwa patisirani, dawa ya kwanza ya RNA fupi ya kuzima jeni, iliyofungwa ndani ya chembe hizo na kupelekwa kwenye ini. Miaka miwili baadaye chembe za aina hiyo zilibeba mRNA, ile RNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini, kwenye chanjo za Korona. Wengi wenu mnaosoma hapa, mkiwa Masasi au Lindi mjini, inawezekana mmeshabeba chembe hizi begani bila kujua.

Na chembe za mafuta zikidungwa kwenye mshipa, hukimbilia ini zenyewe. Zikiwa kwenye damu hujivika protini moja inayobeba mafuta, na seli za ini zina mlango maalumu wa kupokea protini hiyo. Mishipa midogo ya ini nayo ina vitundu, kama kawa iliyosukwa kwa nafasi, vyenye upana wa kupitisha chembe hizo. Kwa ugonjwa wa kurithi, ambapo unataka kuifikia kila seli ya ini, hiyo ni neema. Kwa saratani ni tatizo, maana chembe inaingia kwenye seli nzuri na mbaya bila kubagua, na pengine inaziingia nzuri zaidi. Ini lenye kovu pia huziba vitundu vile. Kufika kwenye ini tumeshajua. Kazi iliyobaki ni kuipata saratani iliyo ndani yake huku ini lenyewe likisazwa.

Mzigo wa basi

Ukimtumia ndugu yako mzigo kwa basi kutoka Dar, unaufunga vizuri, unaandika jina na namba ya simu, unamkabidhi kondakta. Basi linafika stendi ya Mkanaledi. Watu wengi wanaweza kuuona mzigo ule, na kwa bahati mbaya unaweza hata kushushwa mikononi mwa mtu mwingine. Sasa chukulia kwamba ndani yake mna sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao ndugu yako peke yake. Hata ukienda nyumba isiyo yake, haufunguki.

Kazi iliyonivutia ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, iliyochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Science Advances. Waliweka vizuizi viwili, kimoja kwenye kifungashio na kimoja kwenye jeni yenyewe.

Kifungashio chao ni polima, yaani mnyororo wa molekyuli zinazojirudia, wenye chaji chanya. Ukiuchanganya na DNA yenye chaji hasi, vinashikana vyenyewe na kujiviringisha kuwa chembe ndogo sana. Maabara ile kwa miaka imetengeneza polima za aina hii nyingi, zikitofautiana kidogo tu kikemikali, ikazijaribu kwenye seli za saratani ya ini na kwenye seli za ini zenye afya, ikachagua zile zinazoingia zaidi kwenye saratani. Zikishaingia hukutana na mtego ambao tiba nyingi za jeni hufia humo. Seli humeza chembe ndani ya kifuko, na kifuko hicho hupelekwa kwenye sehemu yenye asidi ili kilichomo kisagwe. Polima hii hufyonza asidi ile; maji na chumvi huingia kufidia, kifuko kinavimba, kinapasuka, mzigo unatoka. Baadaye polima yenyewe humeng'enywa na maji ya mwili, vipande vyake vikatoka. Ninasisitiza hili la kumeng'enyeka kwa sababu polima za zamani zilizokuwa hazivunjiki zilibaki ndani ya seli na kuzidhuru, na kwa ini lenye makovu hilo halivumiliki.

Kizuizi cha pili ndicho ninachokipenda zaidi. Mtoto akiwa tumboni, ini lake hutengeneza kwa wingi protini iitwayo alfafetoprotini. Akizaliwa, jeni ya protini hiyo huzimwa, na mtu mzima mwenye afya anabaki nayo kidogo sana. Saratani ya ini mara nyingi huiwasha tena, kama vile seli imesahau umri wake. Sisi madaktari tunaipima kwenye damu kutusaidia kuitambua saratani. Watafiti hawa walichukua swichi ya jeni hiyo, ile sehemu ya DNA inayoamua iwashwe au izimwe, wakaiunganisha mbele ya jeni yao ya tiba. Chembe ikiangukia seli ya ini yenye afya, swichi imezimwa na mzigo unalala pale bila kufunguliwa. Ikiangukia seli ya saratani inayotengeneza alfafetoprotini, swichi inawaka. Tena waliiandika DNA yote upya wakiondoa mfuatano fulani wa herufi ambao mwili huutambua kama wa bakteria, ili kinga isishtuke.

Jeni ya tiba inafanya nini ikishawaka? Hapa watu wa Kusini mna mfano shambani. Muhogo mchungu una vitu viwili vinavyokaa mbalimbali ndani ya seli zake. Kimoja ni kiini cha sumu ambayo bado haijawa sumu, cha pili ni kimeng'enya. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiumenya, ukauparua au ukauponda, vinakutana na sianidi inazalishwa. Ndiyo maana bibi zetu huuloweka na kuuanika kabla ya kuutwanga unga.

Jeni waliyoitumia inatoka kwenye kirusi cha herpesi. Ni jeni moja tu, kirusi chenyewe hakimo. Hutengeneza kimeng'enya ambacho seli za binadamu hazina. Peke yake kimeng'enya hicho hakiui. Kisha mgonjwa anapewa gansikloviri, dawa ya miaka mingi ambayo hospitali huitumia kwa maambukizi mengine ya virusi. Ikipita kwenye seli isiyo na kimeng'enya, inapita karibu salama. Ikiingia kwenye seli ya saratani iliyopokea mzigo, vitu viwili vinakutana: kimeng'enya kinaigeuza dawa, nayo inajipenyeza kwenye DNA mpya seli inapotaka kugawanyika, DNA inakatika, seli inakufa. Na kuna faida moja zaidi. Seli za ini zimeunganishwa na za jirani kwa vijia vyembamba, na dawa iliyogeuzwa hupenya humo ikawaua pia majirani ambao hawakupokea mzigo. Hili ni muhimu mno, kwa kuwa hakuna kifungashio kinachofikia kila seli ya uvimbe.

Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, njia hii ina mantiki kuliko kujaribu kurudisha p53 iliyoharibiwa na sumukuvu, ingawa hilo la pili linasikika kuwa la haki zaidi: kurekebisha kilichoharibika. China iliidhinisha dawa ya p53 ndani ya adenovirusi mwaka 2003 kwa saratani za kichwa na shingo. Lakini ukirekebisha jeni kwenye seli sita kati ya kumi, nne zilizobaki zinaendelea kuota. Ukiwa na sumu inayovuja kwa jirani, una nafasi.

Kwa panya waliopandikizwa saratani ya ini ya binadamu, matibabu hayo yalipunguza ukubwa wa uvimbe kwa asilimia 62. Kimeng'enya kile kile pia kilinasa kemikali yenye mionzi hafifu, ikawezekana kuona kwa picha kutoka nje mahali jeni ilipowaka. Fikiria faida yake: ungejua kama mzigo umefika kabla ya kumpa mgonjwa hiyo gansikloviri.

Palipobaki

Panya ni panya. Panya aliyepandikizwa saratani hana makovu ya miaka thelathini, hana maji tumboni, wala hajanywa uraka na gongo tangu ujana. Halafu si kila uvimbe wa ini hutengeneza alfafetoprotini. Usioitengeneza hauna ufunguo wa sanduku. Na vile vijia vya jirani, saratani nyingine huvifunga.

Kuna pia jaribio ambalo kila anayesema "bila virusi maana yake salama" anapaswa kulijua. Mwaka 2013 Marekani ilianza kujaribu kwa wagonjwa, wakiwemo wa saratani ya ini, dawa iitwayo MRX34, kipande kidogo cha RNA ndani ya chembe za mafuta. Kwenye maabara ilionekana nzuri. Mwaka 2016 jaribio lilisimamishwa baada ya madhara makubwa ya kinga ya mwili, na wagonjwa wanne walipoteza maisha kwa madhara hayo. Hakukuwa na kirusi mle. Chembe yenyewe, au RNA yenyewe, au vyote pamoja, vinaweza kuiamsha kinga.

Nyingine zimefika kwa binadamu bila kuanguka namna hiyo. Huko London ilitengenezwa MTL-CEBPA, RNA fupi inayoamsha jeni ambayo saratani imeilaza, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kudungwa kwa mtu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini, ikiwemo pamoja na sorafenibu, na baadhi walipungukiwa na uvimbe. Mwaka 2022 lilianza jaribio la mRNA ndani ya chembe za mafuta inayolenga kupunguza MYC, jeni inayochochea ukuaji wa uvimbe mwingi wa ini. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa. Upande wa magonjwa ya kurithi mwendo ni wa kasi: mwaka 2025 watafiti wa Philadelphia waliripoti kumtibu mtoto mchanga kwa kusahihisha herufi moja ya DNA ndani ya ini lake, dawa ikiwa imetengenezwa kwa ajili yake peke yake na kubebwa na chembe za mafuta, tena kwa dozi zaidi ya moja. Dozi zaidi ya moja! Kwa kirusi lingekuwa jambo gumu sana.

Suala la gharama nalo silipiti hivi hivi, nikiwa daktari wa mkoa ulio kilomita zaidi ya mia tano kutoka Dar. Dawa ya jeni inayobebwa na AAV kwa ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto ilipotoka mwaka 2019 iliwekewa bei ya zaidi ya dola milioni mbili kwa mtoto mmoja. Sehemu ya gharama hiyo ni kufuga virusi ndani ya seli hai na kuwasafisha. DNA ya duara inayotumika kwenye njia ya polima hukuzwa ndani ya bakteria, kwenye mapipa, kazi ambayo viwanda vingi duniani vinaijua. Polima hutengenezwa kwa kemia. Na chembe za polima zimeshaonyesha maabara kwamba zinaweza kukaushwa zikawa unga na kutunzwa kabla ya kutumika. Kwa mtu aliyeona chanjo zikisafirishwa kwa pikipiki na boksi la barafu kwenda zahanati za ndani Nanyumbu, neno "unga" lina uzito wake. Bei itakuwaje dawa ikitoka, hilo huamuliwa na watu wasiokaa maabara, na ningependa nchi yetu iwe imeshakaa mezani kabla ya siku hiyo. Wagonjwa wa majaribio nao watoke pia huku ambako ile alama ya neno la 249 kwenye p53 imejaa, maana uvimbe uliotokana na sumukuvu huenda usifanane kitabia na ule uliotokana na unene wa kupindukia kule Ulaya.

Haya yote nilimweleza binti yule kwa vipande, siku alizokuja na baba yake kutolewa maji tumboni. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Siku ya pili aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelianza mimi: "Dokta, hicho kirusi cha homa ya ini baba alikipata wapi? Na sisi je?"

Baba pengine alikipata akiwa mtoto, kwa mama yake au kwa kucheza na wenzake wenye vidonda. Ndivyo watu wengi wa rika lake Afrika walivyokipata. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Watoto wake watano, wanne walizaliwa kabla ya hapo. Taiwan ilianza mpango wa taifa wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikashuka kiasi cha kupimika ndani ya miaka kumi na kitu. Hiyo nayo ni vita dhidi ya DNA iliyoharibika, maana kirusi hiki hujichomeka kwenye maandishi ya seli, na chanjo inamzuia asifike.

Mzee alifariki nyumbani kwake wiki ya tatu baada ya simu ile. Tulichoweza kumpa ni kutoa maji, morfini ya kunywa, na mtu wa kumpigia usiku. Mikorosho haikuuzwa. Baada ya arobaini binti alikuja na ndugu zake wote kwenye noah moja kutoka Newala. Kaka mkubwa amekutwa na kirusi. Wingi wa virusi kwenye damu yake uko juu, ameanza tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi hicho, na atapigwa utrasaundi kila baada ya miezi sita. Dada anayemfuata anacho pia, ila ini lake bado laini. Mdogo wao wa mwisho, aliyechanjwa utotoni mwaka 2007, yuko salama. Binti mwenyewe hana kirusi wala kinga. Amechomwa dozi ya kwanza Jumanne iliyopita, ya pili ni mwezi ujao, na ameshaniambia atakuja na maswali mengine kuhusu ile swichi.